Uzi Ndani ya Mshipa

Jumatatu, 21 Machi 1988

Masika yameingia leo. Yamenikuta navuka reli, nikafika maabara nimelowa chepechepe, na kabla sijakauka panya wa kwanza akafa mikononi mwangu.

Kazi yenyewe ni hii. Namlaza panya kwa nusukaputi, namfungua shingo, natafuta mshipa unaopandisha damu kichwani, kisha naingiza humo uzi mwembamba wa nailoni na kuusukuma polepole mpaka uzibe njia ya damu ya upande mmoja wa ubongo. Akizinduka anakuwa na kiharusi kama cha binadamu. Mguu unaburuta, mwili unaenda upande. Hapo ndipo tunaweza kujaribu dawa. Dakta Gichuru aliiona njia hii Japani alikokuwa masomoni, akarudi nayo kwa picha na maneno. Mikono ndiyo yangu. Mimi nilisomea udaktari wa mifugo nikidhani nitatibu ng'ombe.

Leo uzi ulipita kiasi ukatoboa. Damu ikamjaa kichwani, akatetemeka, akatulia.

Gichuru alichungulia mlangoni. "Amekufa?"

"Amekufa."

"Mchukue mwingine."

Jumanne, 22 Machi

Wengine wawili. Mvua.

Jumapili, 27 Machi

Nimepita soko la Burma kumpelekea baba chakula buchani. Alikuwa anakata paja la ng'ombe, anaongea na wateja bila kutazama kisu, nacho kinapita mle mle kinapotakiwa. Zubeiri, mdogo wangu, alikuwa amekaa juu ya kreti anasoma gazeti la mpira badala ya kumsaidia. Nilitaka kumchapa.

"Daktari wa panya huyo!" Zubeiri akaita, soko zima lisikie. "Niaje, mapanya wako wazima?"

Baba alinawa mikono, tukakaa nyuma ya pazia la magunia. Aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi tangu nianze kazi hii.

"Muhiba, mwanangu. Mimi nikichinja, watu wanakula. Wewe ukichinja, nani anakula?"

Nikamwambia kwamba siku moja mtu aliyepooza atapewa dawa anyanyuke.

"Inshallah. Na hao panya, wanaumia?"

"Wakiwa wamelala, hapana. Wakiamka, nafikiri ndiyo."

Akamaliza tonge. "Basi noa kisu," akasema, kama vile angemwambia kijana yeyote wa bucha.

Jumatano, 30 Machi

Nimeipitisha ncha ya uzi kwenye moto wa mshumaa mpaka ikayeyuka ikawa duara laini, kama kichwa cha kiberiti lakini ndogo sana. Niliharibu uzi mwingi kwanza. Panya wa leo hakutoboka.

Alhamisi, 31 Machi

Na wa leo pia. Wacuka, anayetunza vizimba pamoja nami, ameimba wimbo wa kanisani asubuhi nzima kwa sababu ya Pasaka. Nimejikuta nafuata kiitikio.

Jumatatu, 4 Aprili

Walionusurika upasuaji wamekufa. Si wote kwa siku moja. Wanazinduka, wanazunguka upande mmoja, wanajikunja pembeni, manyoya yanasimama, kisha unawakuta baridi. Gichuru anasema ndivyo kiharusi kilivyo, kinaua. Anataka matokeo kabla ya mwezi wa sita, wafadhili watakapokuja. Simwamini.

Jumatano, 6 Aprili

Sijui naandikaje haya.

Baba huamka kabla ya adhana. Leo nilisikia birika la udhu likianguka uani, nikangoja amuite Zubeiri amkemee kwa kuliacha njiani, ndiyo desturi. Hakuita. Mvua ilikuwa inagonga mabati. Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye sakafu yenye maji, mgongo ukutani, mguu wa kulia umekaa vibaya chini yake. Alinitazama. Nusu ya uso wake ilinitambua, nusu nyingine ilikuwa imeshuka kama nguo iliyochomoka kwenye kamba.

Nikajua. Nilijua kabla sijamgusa. Wiki nzima nimekuwa nikikifanya kitu hiki kwa mkono wangu.

"Baba, nyanyua mikono yote miwili."

Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukabaki pale kwenye maji.

"Baba, niambie jina langu."

Akahangaika. Midomo ilivutika upande, mate yakamtoka, kisha likaja neno moja, safi kabisa:

"Kesho."

"Muhiba, baba. Sema Muhiba."

"Kesho," akasema, akaanza kulia kwa jicho moja.

Zubeiri alitoka amevaa kaptula. Nilitegemea apige kelele. Badala yake aliinama akamtia baba mgongoni, akatoka naye langoni hivyo hivyo kwenye mvua, bila viatu, akakimbia naye kuelekea barabarani. Nilikuwa nyuma nimeshika mwavuli ambao haukumkinga mtu yeyote.

Hospitalini daktari kijana alinieleza kwa upole ubongo ni nini. Nilimwacha aeleze. Nikamuuliza kuna dawa gani ya kufungua mshipa. Akasema hakuna. Kumwangalia, kumgeuza, kumlisha, kuomba. Nami nilijua kwamba hakuna, maana ndiyo dawa tunayoitafuta.

Ijumaa, 8 Aprili

Baba ana neno moja tu. Nikimuuliza kama anasikia maumivu: kesho. Kama anataka maji: kesho. Wagonjwa wenzake wanacheka, si kwa ubaya. Yeye mwenyewe alicheka mara moja, kisha akashtuka kusikia kicheko chake.

Jumatatu, 11 Aprili

Wameturudishia baba nyumbani. Hawana la kumfanyia zaidi. Zubeiri amefungua bucha peke yake.

Jumatano, 13 Aprili

Asubuhi nilimlisha baba ugali laini na mchuzi. Baada ya muda niligundua chakula chote kimekaa ndani ya shavu la kulia. Alikuwa anatafuna, anadhani anakula, na hakuna kilichoshuka. Nilikitoa kwa kidole. Nikimpa maji akilala anapaliwa, uso unakuwa wa zambarau. Akikaa wima, kidevu kimeinama, uji mzito kijiko kidogo kidogo, unashuka. Nikakaa naye mpaka bakuli likaisha, nikachelewa kazini.

Kulikuwa na panya amekufa kizimbani. Sijui ni nini kilichonifanya nimfungue tumbo badala ya kichwa. Lilikuwa tupu. Utumbo ulikuwa umenywea kama uzi. Vidonge vya chakula vilikuwa juu ya kizimba, vigumu kama kokoto, havijaguswa, na chupa ya maji inaning'inia mahali ambapo mnyama mwenye mguu mmoja mbovu hafiki.

Nikarudi kwenye picha za Gichuru. Ili kuingiza uzi, tunafunga kabisa tawi la mshipa linalopeleka damu usoni na kwenye taya. Tumekuwa tukiwapooza upande mmoja, kisha tunawanyang'anya taya, kisha tunawawekea kokoto ili wale. Hawakufa kwa kiharusi. Wamekufa kwa njaa mbele ya chakula, siku baada ya siku, nami nikipita na koti langu jeupe.

Nilikaa chini. Wacuka akadhani nimepata habari mbaya za nyumbani.

Alhamisi, 14 Aprili

Nilimwambia Gichuru tusimame. Nibadilishe njia: uzi upitie kwenye mshipa mkubwa wa shingo, tawi la taya tuliache lipitishe damu. Chakula kiwe laini, sakafuni. Wapate joto wanapozinduka, na sindano ya maumivu. Atakayeshindwa kuinuka tumlaze usingizi wa mwisho, tusimwache mpaka ajifie.

"Ukibadilisha njia sasa," akasema, "kazi yote ya nyuma ni takataka."

"Ni takataka tayari, daktari. Tumepima njaa tukaiita kiharusi."

"Muhiba, una msiba wa mzee nyumbani. Ninaelewa. Chukua siku chache."

"Sina msiba. Baba yangu yu hai. Anakula kwa sababu kuna mtu anamlisha."

Nikaweka visu vyangu mezani nikamwambia kama ni njia ile ile, atafute mikono mingine. Sijawahi kumwambia mtu mkubwa maneno kama hayo. Aliingia chumba cha upasuaji, akaenda mwenyewe kwenye trei, akamtazama kwa muda mrefu yule panya niliyemfungua jana. Nilikuwa nimemwona siku zote kama mtu asiye na damu. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni.

"Fanya unavyoona," akasema, akaondoka bila mwavuli wake.

Ijumaa, 15 Aprili

Shangazi Batulo amefika kutoka Lamu kwa basi, na masanduku mawili, chetezo, ubani, na amri. Ni dada wa baba, mkubwa wake. Ameingia, ameangua kilio, amefuta machozi, ameniambia nyumba inanuka. Anasema hiki si kiharusi cha hospitali, ni upepo mbaya uliompiga uani alfajiri. Amefukiza mpaka baba akakohoa. Nikamtoa baba nje, mimi na shangazi tukaanza kugombana hata kabla hajavua buibui la safari.

Jumapili, 17 Aprili

Mwezi umeandama, au wamesema umeandama. Kwa mawingu haya nani ameuona? Kesho tunafunga.

Jumanne, 19 Aprili

Nimemkosea shangazi, moyoni walau. Leo nilimkuta amemkalisha baba wima kwa mito, kidevu kimeinamishwa kama nilivyomfundisha, anamlisha uji kijiko kijiko na yeye mwenyewe amefunga, midomo imemkauka. Alikuwa anamwimbia vitu vya utotoni mwao. Baba akawa anaitikia "kesho, kesho" kwa mahadhi yale yale, bila kupotea. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia.

Sasa naweza kwenda kazini.

Alhamisi, 21 Aprili

Stima ilipotea mchana kutwa. Tuliwapasha panya joto kwa chupa za maji moto zilizofungwa matambara. Mmoja tu amekufa.

Jumanne, 26 Aprili

Wanaishi. Naandika polepole nilione neno lenyewe. Wana kiharusi, mguu unaburuta, lakini wanakula. Unga wao nauponda na maji uwe mzito, nauweka kwenye kifuniko cha kopo. Asiyeweza kuinamisha kichwa namshika kwa kitambaa, namlisha kwa bomba la sindano bila sindano, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, nikingoja ameze. Kazi hiyo haitaki haraka. Wacuka anasema nimekuwa yaya.

Ijumaa, 29 Aprili

Leo nilipaswa kurudi mapema kwa sababu ya Ijumaa. Kundi jipya lilizinduka vibaya, nikabaki kuwalisha. Nilifika nyumbani maghribi inakaribia.

Shangazi alinipokea mlangoni, uso unang'aa kama wa msichana. "Muhiba, mama, Mungu mkubwa. Jirani yetu aliyehiji ameniletea maji ya zamzam. Nimemnywesha kakangu gilasi nzima."

"Umemnywesha vipi, shangazi?"

"Alikuwa amelala, sikutaka kumsumbua. Nikamwinua kichwa tu kwa mkono wangu. Alipaliwa kidogo, akakohoa, akatulia. Sasa amelala kama mtoto."

Hakuwa amelala kama mtoto. Niliweka sikio kifuani. Upande wa kulia, chini, palikuwa na sauti kama ya chungu kinachotaka kuchemka. Nikamkalisha, nikampiga mgongo, nikamwinamisha. Alinitazama kwa lile jicho zima.

Si maji. Maji hayana kosa lolote, wala baraka yake siipingi. Ni kulala chali. Yangekuwa chai yangefanya lile lile.

Adhana ikalia. Shangazi akanipa tende. Nikaila. Nilikuwa nimekaa alasiri nzima nimemshika panya kwa kitambaa, nikingoja ameze.

Jumamosi, 30 Aprili

Homa. Tumempeleka hospitali. Mapafu.

Jumapili, 1 Mei

Yuko vile vile. Zubeiri hajatoka kando yake, anamfuta jasho, anamsomea kurasa za mpira. Nilidhani huyu kijana hana moyo. Anao, alikuwa hajui auweke wapi.

Jumatatu, 2 Mei

Baba amefariki adhuhuri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Jumanne, 3 Mei

Mvua haikukoma hata wakati wa mazishi. Wanaume walitoka makaburini wana matope mpaka magotini. Wauza nyama wa Burma walifunga bucha zao wote, Waislamu na wasio Waislamu, wakaja na aproni zao chini ya makoti.

Gichuru alikuja matangani. Wanawake tulikuwa ndani. Nilimwona kwa dirisha amesimama uani, viatu mkononi, hajui avivae au aviweke chini, maji yanamtiririka kichwani. Nilipotoka alisema, "Muhiba, pole." Akasimama pale mpaka Zubeiri akamletea kiti, akakaa kwenye mvua akanywa chai yetu ya matanga iliyokwisha poa, yote, mpaka mwisho. Ni mengi kuliko yaliyosemwa na watu wengi.

Alhamisi, 5 Mei

Shangazi anawasimulia wageni wote. Kila anayeingia anaambiwa: kakangu hakuondoka hivi hivi, aliondoka amekunywa zamzam. Wanawake wanaitikia, mashallah, bahati iliyoje. Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya tatu nikatoka nikaenda nyuma kwenye karo ya kuoshea vyombo, nikauma kanga yangu nisipige ukelele.

Nilikuwa nimeshaamua kumwambia. Maneno nilikuwa nayo tayari, mafupi: shangazi, ulimlaza chali, ulimjaza mapafu maji. Nilitaka mtu mmoja duniani abebe jambo hili pamoja nami, na nilitaka awe yeye.

Zubeiri alinifuata. Amejua tangu hospitalini. Alimsikia daktari akiniuliza kama mzee alipaliwa.

"Usimwambie, dada."

"Ni ukweli, Zubeiri."

"Sisemi si ukweli. Lakini buda ameenda. Ukimwambia, utamrudisha?"

"Na mtu mwingine atakapomlisha mgonjwa amelala? Asijue?"

"Hiyo fundisha watu wote. Zunguka mtaa wetu mzima wa Shauri Moyo ufundishe, nitakubebea kiti. Lakini huyu mama usimguse. Ukimwambia utazika wawili."

Aliniachia bega lake. Hajawahi kuwa mrefu hivyo.

"Mimi nilikuwa wapi, Zubeiri? Mimi ndiye niliyejua."

Akainyoosha kanga niliyoiuma, akanifunika mabega.

Jumatano, 11 Mei

Nimerudi kazini. Sina la kuandika.

Jumamosi, 14 Mei

Mvua. Nimepasua, nimelisha, nimefuturu, nimelala.

Jumanne, 17 Mei

Idi. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyechinja kwetu. Zubeiri alishika kisu, akakiweka. Tulikula wali na maharagwe matupu, na majirani wakatuletea pilau tukashindwa kuimaliza.

Jumatatu, 23 Mei

Gichuru ameniita ofisini. Amefurahi, na amejaribu kuficha furaha yake kwa heshima yangu. Karibu wote wa kundi la mwisho wako hai. Anasema njia yetu ni safi kuliko aliyoiona Japani, na tutaiandika, na jina langu litatangulia lake. Zamani kidogo ningekimbia na habari hiyo mpaka Burma.

Kisha akasema lile nililolijua. Ili tuone ubongo umeumia kiasi gani, hawa walio hai lazima wauawe.

Nilifanya mwenyewe, sikumwachia Wacuka. Nusukaputi nyingi, polepole, nimewafunika macho kwa kitambaa. Mmoja wao alikuwa yule niliyemlisha Ijumaa ile. Alikuwa amenenepa. Alinusa kidole changu akitafuta uji.

Ubongo wake nimeukata vipande vyembamba, nikautia rangi. Sehemu iliyokufa ilionekana wazi, nyeupe, mipaka yake imenyooka, nzuri kama kwenye kitabu. Gichuru aliinua trei kwenye mwanga wa dirisha akasema, "Angalia hii." Nikaangalia. Mahali pale pale ndipo baba alipopotezea maneno yake. Sasa tunajua kukitengeneza kiharusi vizuri kabisa, bila kosa, bila njaa, bila maumivu yasiyo ya lazima. Kukiondoa hatujui hata kidogo. Nilinawa mikono nikaendelea kunawa.

Alhamisi, 26 Mei

Hakujanyesha.

Jumamosi, 28 Mei

Shangazi amerudi Lamu leo. Asubuhi nilimsaidia kufunga mizigo. Amekonda, mwezi huu umemla. Tulikuwa tumepiga magoti pande mbili za sanduku, nikilikandamiza lifunge, alipoacha kazi, akaweka mikono mapajani.

"Muhiba. Nikuulize, nawe usinifiche. Wewe umesoma."

"Niulize, shangazi."

"Kakangu aliuawa na nini?"

Nilimtazama. Aliuliza kama mtu anayegonga mlango akiomba usifunguliwe. Sijui anajua nini. Labda alimsikia yule daktari. Labda usiku anakisikia kile kikohozi, kama ninavyokisikia mimi. Neno lilikuwa mdomoni, lote, halikuhitaji hata pumzi.

"Ni kile kiharusi, shangazi. Kiliharibu ndani."

"Si kitu kingine?"

"Si kitu kingine."

Akavuta pumzi. Akavuta kamba, akanipa ncha yake nishike.

"Mimi kinachonilaza usingizi ni kimoja tu," akasema. "Yale maji alikunywa kwa mkono wangu. Aliyameza, au sivyo? Hayakumwagika?"

"Aliyameza, shangazi," nikasema. "Hata tone halikumwagika."

Akamshukuru Mungu kwa sauti. Nikakaza fundo.